Kristo wa Majogoo na Mtihani wa Dawa

Eleuterio Mahinay, ambaye mji mzima wa Silay ulimwita Teryo, alijiandikisha katika chuo cha uuguzi akiwa amekwisha kupita umri wa miaka arobaini, na watu wakacheka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba binti yake, Hazelyn, alikuwa amejiandikisha katika darasa lilo hilo. Ya pili ni kwamba Teryo alikuwa kristo.

Kazi ya kristo sina budi kuieleza, maana habari yote hii imejengwa juu yake. Katika uwanja wa majogoo wa kupigana, kristo ndiye anayepokea madau ya watazamaji. Husimama ukingoni mwa ulingo, amenyoosha mikono huku na huku kama aliyetundikwa msalabani, na ndiko jina lilikotoka. Watu humpigia ishara za vidole kutoka kila safu ya viti: vidole juu vina maana yake, vidole ubavuni vina yake, na jicho huelekezwa kwa jogoo anayependelewa. Kristo haandiki hata herufi moja. Madau yote, pamoja na nyuso za walioyaweka, hukaa kichwani mwake mpaka jogoo mmoja alale. Hapo mwamuzi hupiga kengele, kila mtu hupata haki yake, na pambano jingine huanza.

Wageni hustaajabu jinsi kristo anavyokumbuka. Makristo wenyewe husema kwamba kukumbuka si kitu. Kazi ni kusahau. Anayeingia pambano la pili na madau ya pambano la kwanza kichwani atamtuza mtu asiyestahili, na watu wa majogoo, ambao shughuli yao ni kufunga visu miguuni mwa ndege, si watu wa kukosewa hesabu. Teryo alikuwa stadi wa yote mawili. Kengele ikilia, kichwa chake kilikuwa cheupe kama sahani iliyooshwa.

Hamu ya uuguzi ilimwingia alipokuwa akimuuguza mama mkwe wake katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Muuguzi msichana, aliyekuwa amechoka hata kusimama hawezi, alimpa bibi kikombe cha dawa cha kitanda cha jirani, akagundua kosa lake mwenyewe kabla bibi hajameza, akaomba radhi. Hakuna aliyedhurika. Lakini Teryo alirudi nyumbani amefadhaika. Alimwambia mkewe, Consorcia, kwamba wodi nzima ile haikujaza hata safu moja ya viti vya uwanjani, na kwamba yeye angewagawia wagonjwa wote dawa zao akiwa amefumba macho.

Consorcia alikuwa akiuza langoni mwa chuo chetu piaya, ile mikate bapa iliyojazwa sukari guru, naye alikuwa ameomba kwa miaka mingi kwamba mumewe aachane na majogoo. Alimshika kwa maneno yake. Alimwapisha mbele ya sanamu ya Mama Maria kwamba hatakanyaga tena uwanjani, kisha akamfikisha kwa mwandikishaji asubuhi iliyofuata, kabla nia haijapoa.

Somo lililochuja wanafunzi wa chuo chetu lilikuwa famakolojia, yaani elimu ya dawa. Asiyelifaulu haruhusiwi kuingia wodini, na asiyeingia wodini hana chuo. Lilifundishwa na Madam Purificacion Tingson, mwanamke mwembamba, mnyoofu kama rula, aliyevaa miwani yenye mnyororo. Mimi nilikuwa mtunza maktaba wa chuo hicho, na katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikupata kuyaona meno yake.

Ili kujiandaa kwa mtihani, kila mwanafunzi aliazima kwangu kitabu kinene cha maswali ya mazoezi, kila swali likiwa na majibu manne, kuanzia A hadi D. Hazelyn alikisoma inavyopasa. Alichora mishale, alipaka rangi, alijiuliza kwa nini jibu hili ni sahihi na kwa nini yale matatu si sahihi. Teryo alikisoma kama kristo. Alisimama uani, akanyoosha mikono, akawakalisha majirani kwenye ngazi za nyumba. Kila jirani alimsomea swali na kumpigia ishara ya jibu lake: kidole kimoja kwa A, viwili kwa B, na kuendelea. Akiisha kuyapokea yote, mtu yeyote aliruhusiwa kusoma swali lolote, naye alijibu kwa vidole pasipo kusita.

Mhudhuriaji asiyekosa alikuwa Bador, mzee aliyewashona majogoo waliojeruhiwa ulingoni. Sote tulimwita Nong Bador, maana kwetu mwanamume aliyekuzidi umri huitwa Nong. Alidai hajapata burudani kama ile tangu Teryo aache uwanja. Jioni moja alisoma swali refu la mgonjwa wa moyo, na Teryo akanyanyua vidole vitatu kabla hajalimaliza.

"C. Sawasawa," alisema Bador. "Lakini hebu nambie, hiyo dawa yenyewe ni ya nini?"

"Nong, mimi nimeulizwa jibu. Ya nini, hiyo ni habari ya mwenye jogoo."

Hazelyn, aliyekuwa dirishani, alisema kwamba huko si kusoma. Baba yake akamjibu kwamba kama kuna anayemwona amekosa hata swali moja, ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Kisha Consorcia aligonga sufuria kwa mwiko kuwaita mezani, na mafunzo yakaishia hapo. Kesho yake Teryo alianza tena tangu swali la kwanza, kama alivyoanza kila siku, jambo ambalo sisi majirani tulilihesabu kuwa bidii.

Mtihani ulikuwa na karatasi mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana. Wanafunzi waliketi kwa kufuata majina ya ukoo, hivyo Mahinay baba na Mahinay binti wakawa bega kwa bega. Asubuhi Teryo, aliyekuwa amekipokea kitabu chote upya alfajiri ile, aliijibu karatasi yake kwa wepesi, akaketi akiitazama dari. Kengele ya adhuhuri ikalia. Watu wakaenda kula. Mchana alirudi, akaifungua karatasi ya pili, na, kama alivyonisimulia baadaye, maswali yake yakamkodolea macho kama watazamaji wa uwanja wa mji mwingine. Hakumtambua hata mmoja.

Madam Tingson aliwaita wote wawili ofisini kwake. Hazelyn alinieleza mazungumzo hayo neno kwa neno, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kuyasahau.

"Bwana Mahinay," Madam alianza, "asubuhi hukukosa hata swali moja. Mchana umepata alama ambazo hata mbuzi angezipata kwa kuikanyaga karatasi. Nieleze."

"Kengele ililia, Madam."

"Kengele hulia kila siku."

"Ndiyo, Madam. Na mimi husahau kila siku."

Madam aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema kwamba yeye alikuwa na maelezo yake, mafupi zaidi. Asubuhi karatasi ya Hazelyn ilikuwa wazi juu ya dawati. Mchana feni ilipeperusha karatasi, kwa hiyo Hazelyn aliikandamiza kwa mkono mzima. Mtu ambaye mchana hakuwa na kitu kichwani, asubuhi alikitoa wapi, kama si kwa jirani yake?

Hakuwa na ushahidi, na kanuni ya chuo ilimlazimu kutoa daraja la nne, ambalo si kufaulu wala si kushindwa. Mwenye daraja la nne hupewa mtihani mmoja wa kuliondoa. Akifaulu, anabaki, akishindwa, anakwenda zake. Lakini Madam aliongeza la kwake. Teryo akishindwa, itakuwa imethibitika kwamba alama za asubuhi hazikuwa zake, na Hazelyn atafikishwa mbele ya baraza la nidhamu kwa kumwonyesha mtahiniwa majibu.

Njia yote ya kurudi nyumbani binti hakufungua kinywa. Alipofika ukumbini alikifungua.

"Tay," alisema, kama mtoto wa kwetu anavyomwita baba, "mimi sijafanya kosa lolote. Kosa langu ni kuwa na jina lako."

Teryo alikubali kwamba ni kweli. Alisema yuko tayari kwenda kuapa kwa Madam.

"Usiape, Tay. Faulu."

Siku zilizofuata nyumba ile iligeuka karakana ya kuitengeneza kumbukumbu. Walimjaribu kwa pamba masikioni ili asiisikie kengele. Aliiona midomo ya watu ikisema kengele imelia, akasahau vilevile. Consorcia alipeleka penseli za mumewe kanisani zikabarikiwe, padri akazibariki pamoja na rundo la penseli za watu wengine, na Teryo akalalamika kwamba baraka imegawanywa mno. Nong Bador alipendekeza pilipili anazopewa jogoo mzito kabla ya pambano. Teryo alizila. Alitoka jasho, akalia machozi, na kengele ilipopigwa akasahau hata kwamba amekula pilipili, mpaka alipojifuta macho kwa vidole.

Ufumbuzi ulijitokeza mezani, hakuna aliyeutafuta. Walikuwa wakila, na Bador, ambaye chakula cha nyumba ile alikijua saa zake, akamtaja jogoo mmoja mwekundu aliyepigana zamani, akasema alishindwa kwa woga. Teryo aliweka kijiko chini. Alisema jogoo yule hakuwa mwoga hata kidogo. Baba yake alikuwa mweupe wa banda la Hinigaran, mama yake kuku wa mlimani. Ukoo ule wote ulikuwa na mapafu mabovu, na siku ile kulikuwa na vumbi. Kama mwenye jogoo angemnyunyizia maji kifuani, angeshinda. Akaendelea kumtaja kaka yake jogoo yule, tabia zake, chakula alichokichukia na adui pekee aliyemwogopa.

Hazelyn alikuwa ameacha kutafuna.

"Tay, huyo alipigana lini?"

"Wewe ulikuwa bado unanyonya."

"Na kengele zimelia mara ngapi tangu hapo?"

"Hilo ni jambo jingine, Day," alisema Teryo, akimwita kama baba wa kwetu anavyomwita binti. "Dau ni la mtu, linalipwa, linakwisha. Jogoo ni jogoo. Utamsahauje?"

Hazelyn hakumaliza chakula chake. Alikileta kile kitabu cha maswali mezani, akafunika herufi zote za majibu kwa karatasi, akaanza kumfundisha baba yake upya. Alimwambia kwamba dawa nazo zina koo, na ukoo wa dawa unaonekana mwishoni mwa jina lake. Hawa wote wanaoishia na "ololi", Propranololi, Atenololi, Metoprololi, ni ndugu. Ni majogoo wapole. Kazi yao ni kupunguza mbio za moyo, kwa hiyo kabla ya kumwingiza yeyote kati yao, mpime mgonjwa mapigo kwanza. Na Propranololi hasa usimsogeze karibu na mwenye pumu.

"Mapafu hayatamvumilia," alisema Teryo polepole.

"Hayatamvumilia."

"Mbona hamkunieleza hivi tangu mwanzo?"

Kuanzia hapo hakuhitaji kusukumwa. Alitaka kujua kila dawa ilizaliwa na nani, inakula nini, inamchukia nani. Sehemu iliyompendeza kupita zote ni ile ya dawa zinazozima nguvu za dawa nyingine, maana hapo aliona mapambano yenyewe: Mofini na Naloksoni, Wafarini na Vitamini K, Heparini na Protamini. Maswali ya mazoezi, ambayo zamani aliyameza bila kuyatafuna, sasa aliyabishia. Alikuwa akija maktabani kunishtakia jibu B la ukurasa fulani kwamba limemdhulumu jogoo mzuri.

Hatari ilikuwa kwamba hakuna aliyemwarifu Consorcia. Yeye alikuwa langoni mchana kutwa na mikate yake, na aliporudi alisikia vipande tu vya maneno. Jioni moja alipita nyuma ya nyumba, akawasikia mumewe na Bador wakinong'onezana kando ya banda tupu.

"Heparini si wa kuachwa peke yake," Teryo alikuwa akisema. "Akizidi, damu haikatiki. Hapo unamleta Protamini amzime."

"Huyo Protamini ni wa banda la nani?"

"Hana banda. Asili yake ni mbegu za samaki dume."

"Jogoo wa samaki," alisema Bador kwa heshima. "Huyo sijawahi kumshona."

"Subiri Jumatatu. Nikiulizwa juu yao Jumatatu, utaona."

Consorcia alijitokeza akiwa ameshika upawa wa bapa anaogeuzia mikate. Hakupaza sauti. Aliuliza kwa utulivu pambano la Jumatatu ni la uwanja gani. Teryo alisema Jumatatu ni mtihani. Consorcia akasema kwamba mtihani hauna damu isiyokatika.

"Uliapa mbele ya Mama Maria, Teryo."

"Sijakanyaga uwanjani, Consor. Muulize Nong Bador."

"Nimuulize mwizi juu ya mwizi? Na huyo Propranololi unayemtaja hata usingizini ni nani? Ni jogoo, au ni mwanamke?"

Bador, aliyeona mambo yanageuka, alisema kwamba kwa jinsi alivyosikia, Propranololi ni mpole sana. Maneno hayo hayakusaidia. Upawa ulimfikia begani, naye akaondoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia katika umri wake. Teryo alikuwa amekwisha kusukumwa hadi ukutani Hazelyn alipofika mbio na kitabu, akamsomea mama yake ukurasa mzima, Propranololi akiwemo, Heparini akiwemo, na yule wa samaki.

Consorcia alisikiliza mpaka mwisho. Alikohoa kidogo, kikohozi kikavu kilichomsumbua tangu mwaka uliopita, akauliza kama Kaptoprili, ile dawa ya shinikizo la damu aliyoimeza kila asubuhi, nayo ilikuwemo humo. Teryo ndiye aliyejibu.

"Ukoo wa 'prili'. Wazuri, wachapakazi, ila wengine wanamkohoza mwenyeji wao, kikohozi kikavu kisichokwisha. Usiache kumeza, Consor. Mwambie daktari akubadilishie."

Consorcia aliingia ndani, akarudi na sahani ya piaya za moto, akaketi kwenye ngazi, akamwambia mumewe aanze upya na hao majogoo wake, na yeye atauliza maswali.

Mtihani wa kuondoa daraja ulifanyika maktabani, kwa sababu Madam Tingson alitaka shahidi asiye mwalimu wala mwanafunzi, na shahidi huyo nikawa mimi. Hakuleta karatasi. Alileta kengele ndogo ya shaba, akaiweka mezani mbele yake. Hazelyn na mama yake walibaki nje, na vivuli vyao niliviona chini ya mlango.

"Binti yako amenieleza habari ya kengele," alisema Madam. "Nitaamini nikiona."

Alinitaka nimsomee Teryo majina ya watu walioazima vitabu mwezi ule, pamoja na kitabu cha kila mtu. Nilisoma orodha ndefu. Teryo alisimama, akaomba ruhusa ya kunyoosha mikono, akairudisha orodha yote bila kosa, kwanza kutoka mwanzo, kisha, kwa kuwa Madam alitaka, kutoka mwisho. Madam aligonga kengele.

"Nani ameazima kitabu cha mifupa?"

Teryo alifikiri kwa adabu.

"Kitabu gani, Madam?"

Nina hakika kwamba uso ule haukuwa wa mwigizaji. Madam Tingson naye aliona hivyo. Aligonga meza kwa kidole, akasema kwamba sasa ameamini kuwa karatasi ya asubuhi haikuibwa, na habari ya baraza la nidhamu ameifuta. Nje, kivuli kimoja kiliruka kidogo.

"Lakini umenipa tatizo kubwa kuliko lile la kwanza," aliendelea. "Mwizi ningemfukuza nikalala usingizi. Sasa nina mtu mwaminifu anayetaka kugawa dawa, na kengele moja tu inamfuta kichwa. Unajua wodini kuna kengele ngapi, Bwana Mahinay? Kila kitanda kina yake."

Hapo nikaelewa mtihani wenyewe ungekuwaje. Kila alipouliza swali na kujibiwa, aligonga kengele kabla ya kuuliza jingine. Kisha alirudi nyuma na kuuliza la kwanza kwa maneno mengine. Hakutumia swali hata moja la kitabuni, wala hakutoa majibu ya kuchagua. Teryo alishusha mikono. Hakuwa akipokea madau sasa.

Madam aliuliza kuhusu mgonjwa aliyetundikiwa Heparini, ambaye fizi zimeanza kutoka damu.

"Nasimamisha Heparini, nawaita wakubwa, namweka tayari Protamini. Lakini naye si wa kuletwa kwa fujo, Madam. Anaingia taratibu. Akikimbizwa, anaangusha presha."

"Naye ni nani?"

"Protamini."

"Ni dawa, Bwana Mahinay. Si shemeji yako."

Kengele. Aliuliza kuhusu mama mjamzito aliyepewa magnesi ya kuzuia degedege. Teryo alisema huyo ni jogoo mwenye nguvu za kutisha, ambaye hutazamwa kwa goti, kwa pumzi na kwa mkojo: goti likigongwa lisiporuka, pumzi zikipungua au mkojo ukikauka, basi amezidi, na mpinzani wake ni kalisi. Madam aliandika kitu. Kengele. Akarudi kwa Heparini kwa njia ya mzunguko. Teryo alimkuta palepale alipomwacha. Kengele. Ukoo wa "ololi" na mwenye pumu. Kengele. Digoksini na mapigo yaliyoshuka. Mimi mwenyewe, kwa milio ile, nilianza kusahau nimeweka wapi kalamu yangu, lakini Teryo aliendelea, akitoka jasho, akiwataja wazazi wa kila dawa.

Mwisho Madam alifunga daftari, akauliza kama kwa kupitisha muda mgonjwa anayepewa Belzoradini aangaliwe nini.

Teryo alitazama dari, akatazama rafu, midomo ikicheza. Alikawia kiasi kwamba kivuli cha Consorcia kiliukaribia mlango mpaka mlango wenyewe ukalia. Najua alivyokuwa akitafuta: banda kwa banda, ukoo kwa ukoo. Niliogopa kwamba atanyanyua kidole, kimoja, viwili, vyovyote, kama walivyofanya siku zote watu waliobakiwa na swali moja.

"Simjui, Madam," alisema hatimaye. "Sijui baba yake wala jamaa yake. Nisingempa mgonjwa."

"Daktari ameandika apewe."

"Ningemwendea daktari, nimuulize. Dau usilolisikia vizuri unaliuliza tena kabla majogoo hawajaachiwa. Wakishaachiwa, umechelewa."

Madam Tingson aliinua kengele, akaiangalia, akaiweka mfukoni bila kuigonga.

"Hakuna dawa ya jina hilo," alisema. "Nimeitunga leo asubuhi nikinywa kahawa. Daraja la tatu, umefaulu. Mtihani wa kuondoa hauna daraja la juu zaidi, na hata kama lingekuwapo nisingekupa, kwa sababu ya hao majogoo."

Mlango ulifunguka wenyewe, maana waliouegemea walikuwa wameusukuma. Hazelyn alimshika baba yake mkono, akataka kujua swali la mwisho lilikuwa lipi, na alipoambiwa akakunja uso.

"Mimi ningesema presha," alikiri.

Madam alimwambia kwamba amesikia, na kwamba atalikumbuka.

Jumatatu iliyofuata darasa liliingia wodini kwa mara ya kwanza, wote katika nguo nyeupe, Mahinay nyuma ya Mahinay. Madam Tingson alimpa Teryo kitanda kimoja tu, cha mzee Abundio Jalandoon, na akasimama hatua chache nyuma yake. Ilitokea kwamba mzee huyo alikuwa mshabiki wa miaka mingi wa uwanja wa majogoo. Alipomwona Teryo na sinia ya dawa, alijiinua kwenye mto, uso umechangamka.

"Teryo, mwanangu. Leo nani na nani?"

"Leo ni wewe na moyo wako, Nong. Lete mkono nikupime mapigo kwanza."

Alimpima kwa dakika nzima, akatazama saa, akampima tena. Kisha akakitwaa kile kikombe chenye kidonge cha Atenololi, akakirudisha kwenye sinia, akageuka kwa Madam na kumwambia mapigo yako chini mno. Madam alimpima mzee mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kumwita daktari. Katika kugeuka kwake, Hazelyn anaapa, meno yalionekana.

Mzee Abundio ndiye aliyebaki na kinyongo. Alilalamika kwa vitanda vyote vya jirani, mpaka wakati wa chakula cha mchana, kwamba amemfahamu mtu huyu tangu ujana wake, na hii ndiyo mara ya kwanza kumwona kristo akilikataa dau.